Mzee kaniambia "na wewe chukua yako moja", nikakataa mara mbili. Nimemkosea?

#1 MtotoWaMarangu
Habari zenu wanajamvi. Nipo Huddersfield, Yorkshire, mwaka wa kwanza wa masomo. Tangu mwezi wa tisa nafanya kazi kwenye pabu ndogo ya kijiji huko juu mlimani, dakika ishirini na tano kwa basi kutoka mjini. Si baa ya vijana. Kuna moto wa kuni, mbwa wanalala chini ya meza, na jioni za katikati ya wiki wateja hawazidi kumi na tano. Karibu wote ni wazee, na kila mmoja ana kiti chake.

Mmoja wao huja kila siku saa kumi na moja jioni. Ana kopo lake la bati lenye mkono, linaning'inia kwenye ndoano ya tatu juu ya kaunta, limebonyea ubavuni, na herufi zilizochorwa zimefutika kwa kushikwashikwa. Mama mwenye pabu alinionyesha siku ya kwanza: huyu usimpe glasi, mshushie kopo lake. Basi akifika nalishusha, namjazia pinti ya bia ya pipa, naye analipa kwa sarafu alizokwisha kuzihesabu nyumbani, anazipanga mnara mmoja juu ya kitaulo cha kaunta. Wiki mbili za mwanzo hakusema zaidi ya asante.

Wiki ya tatu akalipa, akaongeza: "Na wewe chukua yako moja." Mimi pombe sinywi, tena nilikuwa kazini. Nikamwambia hapana, asante, sinywi. Kesho yake akarudia, nikakataa tena, kwa kucheka kidogo. Tangu hapo haji upande wangu wa kaunta. Anazunguka hadi upande wa pili kuhudumiwa na mwenzangu, kijana wa hapahapa, hata kama kule wanasubiri watu wanne na kwangu hakuna mtu. Leo siku ya tisa.

Hakuna aliyenigombeza, ila jambo limenikaa rohoni. Mliowahi kufanya kazi hizi, niambieni: nimemtukana?

#2 Tabora_Mjini
Pole dada. Nimeweka mkeka, nasubiri wajuzi.

#3 MzeeWaReading
Binti, umemkosea bila kujua, na linarekebishika. Nilisimama kaunta huku Reading kuanzia 1997 hadi 2008. Mteja wa pabu hakupi bakshishi mkononi. Kwenye mgahawa ataacha hela mezani, lakini kaunta ya pabu ni kitu kingine. Akikusukumia sarafu anaona amekufanya mtumishi wake. Akikununulia kinywaji amekuweka sawa naye. Ndiyo maana ya "na yako moja".

Wala si lazima uinywe. Unasema: "Asante sana, nitachukua nusu baadaye." Unagonga bei ya nusu pinti kwenye mashine, unampa chenji yake, yamekwisha. Hata ukichukua soda, kwake ni sawa. Ulipomwambia "sinywi" ulijibu swali ambalo hakukuuliza. Hakuuliza kama unakunywa.

#4 Kamau_Coventry
Mzee wa Reading ameeleza vizuri lakini hajafika chini. Hii ni mambo ya raundi. Hapa watu watatu wakiingia pabu, mmoja ananunua za wote, kisha wa pili, kisha wa tatu. Ukikunywa za wenzako na usinunue, utasemwa mpaka uzeeke. Na ukikataa kununuliwa, umejitoa kwa mzunguko. Huyo mzee alikuingiza kwa raundi yake, ukatoka. Sasa yeye afanye nini? Hawezi kukulazimisha, na hawezi kusimama mbele yako kama hakuna kilichotokea.

Nimesoma mahali kuwa hata serikali yao iliwahi kuweka raundi kwenye sheria wakati wa vita.

#5 Kitabu_Wazi
@Kamau_Coventry kinyume chake, ndugu. Mwaka 1915, katikati ya Vita ya Kwanza, serikali ILIPIGA MARUFUKU kununuliana pombe, hasa sehemu zenye viwanda vya silaha. Kila mtu alipe yake. Waliona raundi ndiyo inayolewesha wafanyakazi, kwa sababu mkiwa sita lazima mnywe sita. Ilikuwa kosa hata mume kumnunulia mkewe. Saa za pabu zilibanwa wakati huohuo, zikawa zinafungwa mchana, na mtindo huo wa kufunga mchana ulidumu Uingereza hadi 1988.

#6 Kamau_Coventry
Asante kwa kunirekebisha. Lakini umenipa nguvu: kitu mpaka serikali inakipiga marufuku na watu wanakirudia, ujue kiko kwa damu.

#7 SeliYaChini
Mimi nafanya kazi chini kwenye chumba cha mapipa, mwaka wa saba sasa, Sheffield. Ninyi mmeruka kwenye utamaduni, mimi nataka kujua bia. Dada, unajaza vipi? Povu linabaki kiasi gani?

Nauliza kwa sababu mteja wa bia ya pipa habadilishi upande wa kaunta kwa sababu ya moyo, anabadilisha kwa sababu ya mkono. Huku kaskazini mdomo wa bomba una kifuniko kidogo chenye matundu, bia inapita kwa nguvu na kutoa povu zito kama maziwa. Kusini wengi hawakitaki, wanataka bia hadi ukingoni. Mzee wa Yorkshire ukimpa pinti isiyo na povu ataona umempa maji ya kuoshea vyombo. Na usivute mpini mara sita sita kama unapiga pampu ya baiskeli. Mivuto mirefu, taratibu, acha itulie, malizia.

#8 MtotoWaMarangu
@SeliYaChini navuta mara tatu, nasubiri itulie, kisha naongeza kidogo. Kopo lake ni la bati, sioni ndani kama kwenye glasi, nakadiria kwa sauti na uzito. Huenda kweli nampunja. Hilo sikulifikiria kabisa.

#9 SeliYaChini
Basi nimekupata. Kopo la bati halina mstari wa kipimo. Jaza kwanza kwenye glasi yenye alama, kisha mimina kwenye kopo mbele yake. Nusu lita yake asiporidhika nayo utajua kwa uso.

#10 BosiMstaafu
Pinti si nusu lita. Ni mililita 568. Hizo 68 ndizo zinazoleta ugomvi Jumamosi.

#11 SeliYaChini
Naam, 568. Nilikuwa naandika haraka.

#12 Tabora_Mjini
Samahani natoka nje ya mada. Ni kweli Waingereza wanakunywa bia ya moto? Hapa kwetu mhudumu anauliza "ya moto au baridi?" na babu yangu siku zote alisema ya moto. Nilidhani ni uzee.

#13 SeliYaChini
Si ya moto. Bia ya pipa inakaa nyuzi 11 hadi 13. Fikiria maji ya mtungi uliowekwa kivulini, si ya friji. Ikiwa baridi sana ladha inajificha. Ile laga ya bomba la gesi ndiyo inatoka baridi kali. Na hii ya pipa iko hai, inaendelea kuchachuka ndani ya pipa. Ukilifungua una kama siku tatu, ikizidi hapo inaanza kuelekea kwenye siki. Ndiyo maana pabu yenye wateja wachache haiweki aina nyingi.

#14 MtotoWaMarangu
Hapo umenigusa. Ni mbege kabisa! Bibi yangu anapika mbege ya ndizi na ulezi, ikilala siku moja zaidi inakuwa kali, watu wanakunja nyuso. Na kwetu anayetoa mbege anaonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo anampa. Asiyeonja anatiliwa shaka. Sasa nawaza: yule mzee alitaka tu nionje naye?

#15 Mangi_Mdogo
Mmarangu asiyekunywa yuko Uingereza anagawa bia. Mababu wamekaa kikao huko juu, wanajadili jina lako.

#16 Nesi_wa_Zamu
Nimesoma yote, nasema tofauti. Nimefanya kazi na wazee wa nchi hii miaka tisa, nyumba za kulea na sasa hospitali. Wazee hawa wanaona haya kuliko tunavyodhani. Mtazameni kwa upande wake. Mwanamume wa miaka sabini na kitu anamwambia binti wa miaka ishirini "nikununulie kinywaji". Binti anakataa. Anarudia, binti anakataa, anacheka. Amekwenda nyumbani amelala anawaza: amenidhania namtongoza. Au amewaza: yule binti dini yake hairuhusu, mimi mjinga nimemtukana mara mbili. Huyo hajakununia. Anakukimbia kwa aibu yake mwenyewe.

Na kabla sijasahau: anasikia masikio yote mawili? Wazee wengi hukaa upande ambao sikio zima linaelekea mhudumu.

#17 MtotoWaMarangu
@Nesi_wa_Zamu kifaa cha masikio sijakiona. Lakini hilo la kucheka kwangu limenichoma. Nilicheka kwa sababu sikujua niseme nini.

#18 SemaUkweli_UK
Mnazunguka mbuyu. Kijijini, mzee mzungu, mhudumu mweusi. Anaacha kaunta tupu anakwenda kupanga foleni kwa kijana mzungu. Hilo lina jina lake. Mimi nilifanya kazi kwenye baa ya mji mmoja wa mashariki huko, siutaji, mteja alikuwa anachukua chenji yangu kwa karatasi ya kujifutia mikono. Bosi akaniambia "huyo ndivyo alivyo". Niliondoka mwezi huohuo.

#19 MzeeWaReading
@SemaUkweli_UK pole sana kwa hilo, na sitasema halipo. Nimeliona. Lakini soma #1 tena. Huyu alihudumiwa na binti wiki mbili, akamsogezea kinywaji, siku mbili mfululizo. Mbaguzi hakununulii bia.

#20 SemaUkweli_UK
Wapo wanaokununulia ili uwashukuru. Ukikataa ndipo unawaona.

#21 Kitabu_Wazi
Hili la pabu na rangi lina historia ndefu, na sehemu yake iko ng'ambo tu ya milima alipo dada. Bamber Bridge, Lancashire, Juni 1943. Wanajeshi weusi wa Marekani walikuwa wanakunywa na wenyeji kwenye pabu za kijiji. Wakubwa wa jeshi la Marekani wakataka pabu zitenge watu kwa rangi. Wenye pabu tatu wakabandika vibao: wanajeshi weusi TU. Usiku wa tarehe 24 polisi wa jeshi walikwenda kuwakamata askari weusi waliokuwa pabu, yakatoka magomvi hadi risasi, na askari mmoja mweusi, William Crossland, akauawa. Wenyeji walikuwa upande wa weusi.

Lakini kumbukeni pia kuwa hadi 1965 pabu ya Uingereza iliweza kumkatalia mtu kinywaji kwa sababu ya rangi yake bila kuvunja sheria. Sheria ya kwanza ya ubaguzi wa rangi ilipita mwaka huo, na pabu zilikuwa miongoni mwa mahali ilipolenga. Mteja wa dada mwenye miaka sabini na kitu alikuwa mtoto au kijana wakati huo. Kwa hiyo nyote wawili mna mahali pa kusimama.

#22 Bi_Kidawa
Assalaam alaykum. Mie nikisoma kimya, hapo kwenye dini nimeona nichangie. Mie Mzanzibari, nilikuja Uingereza 2011, kazi ya kwanza niliyopata ni jikoni kwenye pabu. Nikajiambia jikoni si kaunta, mie napika viazi na kuosha sahani. Kumbe Jumapili nzima ni nyama ya kuoka, na moja katika tatu ni ya nguruwe, na mchuzi una divai. Nilikaa wiki sita. Kwetu Waislamu si mnywaji peke yake, hata anayebeba na anayemimina anahesabiwa, kwa hiyo roho haikutulia nikaacha, nikenda kwenye usafi wa ofisi. Simhukumu aliyebaki. Nnao jamaa zangu waliobaki kwa sababu ya ada ya chuo.

Ila nikwambie mwanangu, yule mama mwenye pabu, siku naondoka, alinifungia keki ya ndimu akaniandikia kikaratasi kuwa haina pombe wala mafuta ya nguruwe. Aliisoma mwenyewe kila kitu kilichomo. Hawa watu mapenzi yao hayana maneno mengi. Usimkatie tamaa huyo mzee.

#23 MtotoWaMarangu
Waalaykum salaam Bi Kidawa, asante sana mama. Na mimi niseme ambalo sijasema: nyumbani hawajui nafanya kazi hii. Nimewaambia nipo "kwenye mgahawa". Mnajua neno baamedi linavyobebwa kwetu. Mama akisikia atalia.

#24 Mangi_Mdogo
Hapa sitanii. Dada yangu alikuwa baamedi Moshi miaka minne, amenilipia kidato cha tano na cha sita. Wapo wajomba waliokuwa hawamsalimii barabarani, na jioni wako kwenye meza yake. Usione haya.

#25 Kamau_Coventry
Hapa nao wanafunzi wote, hata watoto wa madaktari, wanashika kaunta. Hakuna mtu anauliza. Lakini angalia masaa yako, viza ya mwanafunzi ni masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Bosi akikuomba "shifti moja tu" usikubali.

#26 BosiMstaafu
Na mimi niongeze la kazi. #3 amesema ugonge nusu pinti. Sawa. Lakini asije mtu akakufundisha kuchukua thamani yake taslimu na kutia mfukoni bila kumuuliza mwenye pabu. Pabu nyingine zinaruhusu, nyingine hesabu ikipungua jioni unaitwa mwizi. Uliza kwanza. Bakshishi yenyewe, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, sheria inasema yote ni ya wafanyakazi, mwajiri haruhusiwi kukata.

Halafu nina swali. Siku zile mbili kulikuwa na watu wengi? Kwenye kaunta ya pabu hakuna mstari, lakini foleni ipo. Kila mmoja anajua nani kafika kabla yake, na wewe mhudumu unatakiwa ujue pia. Mteja hapungi mkono, haiti, anashika tu noti au anakuangalia. Ukimruka mara moja anasamehe. Ukimruka kwa ajili ya wageni waliokuja leo tu, hilo ni zito.

#27 MtotoWaMarangu
Eeh. Ile siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Waliingia watembea milimani wanane, wamelowa, wakaagiza kwa pamoja. Mzee alikuwa kwenye kona yake na kopo tupu. Sikumbuki nani alitangulia. Kwa kweli sikumbuki.

#28 BosiMstaafu
Umeona. Inawezekana kinywaji hakihusiki kabisa.

#29 Tabora_Mjini
Mpaka sasa tuna: bakshishi, raundi, povu, kopo kupunjwa, aibu, sikio, rangi, foleni. Mtu mwingine?

#30 Wa_Bukavu
Mimi naishi Leeds. Nyinyi wote mnasema juu ya mzee, hakuna anayeuliza juu ya yule kijana. Pengine ni mjukuu wa rafiki yake. Pengine kijana ana mtihani, mzee anamtia moyo. Kwetu Bukavu ukihama meza si lazima umechukia ile ya kwanza.

#31 Nesi_wa_Zamu
@Wa_Bukavu hilo nalo lina uzito. Dada, usimuulize mzee. Muulize mama mwenye pabu, tena kwa kupitia mbali.

#32 MtotoWaMarangu
Nimeuliza jana wakati tunafuta meza. Amesema: "Ah, huyo? Mpe muda, mwanangu." Basi. Akaendelea kufuta.

#33 SemaUkweli_UK
Hilo si jibu.

#34 MzeeWaReading
Kwa Yorkshire hiyo ni hotuba.

#35 Kamau_Coventry
Na akikusalimu anasemaje? Rafiki yangu alifanya kazi Barnsley, aliniambia wazee wa huko hawasemi habari, wanasema "Now then". Yaani neno kwa neno ni "sasa basi". Nilicheka sana kwa sababu sisi Nairobi tunasema "Sasa?" na mtu anajibu "Poa". Tumekutana na wao bila kujua.

#36 MtotoWaMarangu
Kweli! Alikuwa akisema hivyo mwanzoni, nikadhani anaanza sentensi nyingine, namsubiri amalizie. Nilikuwa namkodolea macho tu, na yeye ananikodolea. Nijibu nini?

#37 Kamau_Coventry
Lilelile. "Now then". Unashusha kichwa kidogo. Usiongeze kitu.

#38 MtotoWaMarangu
MREJESHO. Leo Jumapili, pabu imejaa watu wa chakula cha mchana, nyama ya kuoka na zile andazi zao za mchuzi. Kijana hakuwepo, ana likizo. Mzee akaingia saa kumi na moja kama kawaida, akasimama katikati ya kaunta, si upande wangu, si upande wa pili. Kulikuwa na watu wawili kabla yake, nikawahudumia wale wawili kwanza na yeye akaona. Kisha nikashusha kopo. Nikajaza kwanza kwenye glasi yenye alama, mivuto mitatu mirefu, nikaacha itulie mpaka lile wingu likapanda lote na kuwa povu, nikaongeza, nikamimina kwenye kopo taratibu. Alikuwa anaangalia mikono yangu muda wote.

Akasema, "Now then." Nikasema, "Now then." Nikashusha kichwa.

Akapanga mnara wake wa sarafu. Akaenda kukaa. Nilipokuja kuzihesabu, kulikuwa na pauni moja zaidi ya bei. Bei haijapanda wala kushuka. Hakusema "na yako moja". Sijui kama amekosea kuhesabu. Nimegonga pinti yake, na ile pauni nimeiweka pembeni kwenye glasi tupu, nimemwambia mama mwenye pabu ilipo.

#39 SeliYaChini
Ni ile glasi ya kipimo. Nilisema.

#40 BosiMstaafu
Ni foleni. Aliona umefuata zamu.

#41 Nesi_wa_Zamu
Pauni bila maneno. Bado anaona haya. Mwacheni.

#42 SemaUkweli_UK
Au kijana hakuwepo tu. Tungoje akirudi likizo tuone atasimama wapi.

#43 MtotoWaMarangu
Anarudi Jumatano. Nina shifti.